Aplikasio Isiyo na Kofia

Kikombe kilikuwa kimefika midomoni.

Hapo njo tuliachana, msomaji wangu. Mama Émérence ameketi kwenye mkeka wa kilio cha kaka yake, kikombe cha plastiki mkononi. Binti yake Noëlla amesimama mlangoni, anahema, telefoni yake inawaka nyekundu.

"Mama, usikunywe!"

Hakungoja mama ajibu. Aliruka miguu ya wazee, akakanyaga kanga ya mtu, akakipiga kile kikombe kwa kiganja. Maji yakamwagika kifuani mwa mama yake.

Waimbaji wakanyamaza. Hata mtoto aliyekuwa analia huko nyuma alinyamaza.

Kwetu huku Kalemie unajua jinsi ilivyo. Kwenye kilio unaweza kukataa bukari, ukasema tumbo limejaa. Unaweza kukataa samaki, ukasema daktari amekukataza chumvi. Lakini maji ya kilio hayakataliwi. Ukiyakataa, umesema jambo moja tu mbele ya watu wote: nyumba hii inaua.

Na Noëlla hakuyakataa tu. Aliyamwaga.

Papa Germain akasimama polepole. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo, kaka wa marehemu Papa Kalala na kaka wa Mama Émérence. Kwa Noëlla ni mjomba.

"Noëlla," akasema. "Rudia ulichofanya, nione vizuri. Macho yangu ni ya uzee."

"Mujomba, nisamehe. Haya maji ni mabaya. Ni ya Bomba la Mukuyu. Watu wa usafi walipima, mupira wa maji umepasuka mule kwenye mutaro wa vyoo. Kolera imo ndani. Ona rangi."

Akanyoosha telefoni. Papa Germain hakuiangalia.

"Rangi gani?" akauliza Mama Émérence, huku anakamua kanga yake. Akaingiza mkono kiunoni, akatoa telefoni yake mwenyewe. "Na mi niko na aplikasio yako, mutoto wangu. Niliangalia asubuhi kabla sijatuma muntu kuteka. Mukuyu iko kijani."

Noëlla akaichukua ile telefoni.

Akaziweka mbili pamoja. Usoni pa zote mbili kulikuwa na picha ya tone la maji, ileile. Ndani, majina ya mabomba, yaleyale, kwa maneno aliyoyaandika kwa vidole vyake. Lakini kwake Bomba la Mukuyu lilikuwa jekundu. Kwa mama yake, kijani kama jani la sombe.

Akaangalia moja, akaangalia nyingine.

Wewe uliyejiunga nasi leo, nikuambie kwa kifupi. Noëlla aliwatengenezea watu wa mji tovuti ya maji. Kila asubuhi wale wa usafi walimpa habari, naye akabadilisha rangi: bomba salama, kijani, bomba baya, nyekundu. Ila tovuti ilikaa huko mtandaoni, na kuifikia lazima uandike anwani ndefu. Akina mama wa soko wakakataa. Walimwambia, "Tupatie kitu cha kubonyeza." Basi akaifunga ile tovuti ndani ya aplikasio, jinsi mama anavyofunga kwanga, mkate wa muhogo, kwenye jani. Ndani ni kwanga ileile; jani ni la kubebea tu.

Kasoro ilikuwa moja. Juu ya ekrani kulibaki ukanda mweupe wenye anwani ya tovuti. Ili ule ukanda uondoke, alipaswa kuweka kwenye tovuti faili ndogo ya ushahidi, inayoiambia telefoni kwamba aplikasio hii na tovuti hii ni mtoto na mama yake. Alisema ataiweka kesho. Kesho ikazaa kesho. Watu wakaupa ule ukanda jina: kofia.

Telefoni ya Mama Émérence haikuwa na kofia.

"Mama, hii ulipewa na nani?"

"Aa, si watu wote wako nayo? Tulipitishiana sokoni, telefoni kwa telefoni. Ile yako ya kofia tulifuta. Walisema njo ya uongo."

"Nani alisema?"

Sauti ikatoka pembeni, ya mwanaume mmoja mwenye mdomo: "Muntu anavaa kofia mpaka ndani ya nyumba, si anaficha upara?"

Watu wakacheka. Ndiyo, kilioni watu hucheka. Lakini Papa Germain hakucheka.

"Kila muntu mwenye aplikasio ya maji," akasema, "atoe telefoni. Muinue juu."

Mikono ikainuka uwanjani. Kijani. Kijani. Kijani kila mahali, kama shamba la mihogo baada ya mvua.

"Zote kijani," akasema Papa Germain. "Yako tu nyekundu. Sasa mwongo ni nani? Ni ukoo muzima, ao ni wewe?"

"Mujomba, kunaweza kuwa na..."

"Nyamaza."

Bidoni za maji, za njano, zilikuwa zimepangwa ukutani, kila moja imefungwa kitambaa chekundu mkononi, alama ya Bomba la Mukuyu ili zisichanganyike na za wengine. Mzee akachota. Akanywa kikombe kizima, koo linapanda na kushuka mbele ya watu. Akachota tena, akanywa tena.

"Kama nyumba yetu inaua," akasema, anafuta mdomo, "ianze na mimi. Na ukitoka hapo, binti ya dada yangu, ukirudi uje na samahani mukononi."

---

Nje, mkono ukamshika Noëlla begani. Ni Isidore, mchumba wake. Isidore njo mlinzi wa Bomba la Mukuyu, mwenye ufunguo na mpokea pesa za kila ndoo, na hayo maji ya kilio aliyateka yeye mwenyewe kwa heshima ya wakwe zake.

"Umeniaibisha hata mimi," akasema chini chini. "Mbele ya mujomba wako! Kesho wataniambia nini?"

"Isidore, wale wa usafi hawakufunga bomba?"

"Walifunga kamba. Watu wakaikata. Nitamufukuza nani, na telefoni zao zinasema kijani?"

"Lakini wewe! Si unakaaga na mimi kila asubuhi? Si ulikuwa kando yangu nikiweka nyekundu?"

Isidore akaangalia viatu vyake. "Mi nilifikiri umesharudisha. Rangi zako zinabadilikaga kila siku, nani atazifuata?"

Noëlla akajifunga kanga vizuri. "Naenda kwa Doudou. Kila kitu kwenye telefoni za mji huu kinapitia kwa Doudou."

"Kwa Doudou ya nini?" Sauti ya Isidore ikapanda kidogo. "Kaa hapa. Omba mujomba samahani kwanza, mambo yapoe."

"Yapoe, watu wanakunywa?"

"Noëlla."

"Angalia mama. Asikunywe tena. Nakuachia wewe."

"Nitamuangalia," akasema Isidore. "Si ni mama yangu pia?"

Msomaji wangu, yashike hayo maneno. Usiyaangushe njiani.

---

Kibanda cha Doudou kiko karibu na daraja la Lukuga. Anachaji telefoni, anatengeneza telefoni, anatia nyimbo na sinema. Nyaya zinaning'inia mbele kama utumbo wa mbuzi.

"Noëlla wa kofia!" akapiga kelele alipomwona. "Karibu, mutaalamu! Leo umekuja kunishukuru?"

Noëlla akamwekea telefoni ya mama yake mezani. "Hii aplikasio njo wewe?"

Doudou akatabasamu mpaka gego la mwisho. "Nani mwingine? Nilitaka kukusaidia, na hata jina lako nimeliacha mule ndani. Sikuiba."

"Umenisaidia nini?"

"Wewe, nikuulize. Yako rezo ikipotea, mutandao ukikatika, inaandika nini?"

"Inaandika: Hakuna rezo, usiamini rangi yoyote."

"Njo hiyo sasa! Muntu amesimama bombani na ndoo, mutoto analia mugongoni, mega za intaneti zimeisha, na telefoni inamwambia usiamini. Akunywe mate? Watu walikuja hapa wanalalamika. Nikasema ngoja. Angalia."

Akachukua telefoni, akaiweka kwenye ile alama ya ndege inayokata rezo yote. Akabonyeza tone la maji. Rangi zote zikatokea, nzuri, zinang'aa.

"Umeona? Bila mega. Bila rezo. Bila kofia. Nilikopi kurasa zako zote nikazifungia ndani. Mpaka Nyunzu wanaitumia sasa, njo nakuambia!"

Noëlla akakaa juu ya batiri la gari lililokuwa pale chini.

"Doudou. Ulizikopi lini?"

"Aa... wakati wa mvua. Ule mwezi barabara ilikatika."

"Na kutoka siku ile, rangi zimebadilika vipi?"

"Si zinabadilika zenyewe?"

Noëlla akamsukumia telefoni ile ya kijani.

"Noëlla. Si zinabadilika zenyewe?"

"Zinatoka kwangu, Doudou. Kila asubuhi. Mi nilifunga mulango ndani ya jani. Muntu akifungua, anaingia kwenye nyumba yangu ya leo. Rezo ikikosa, mulango unakataa, sababu sitaki aingie kwenye ya jana. Wewe ulifunga picha ya nyumba. Nyumba hata iungue, picha haitoi moshi."

Tabasamu la Doudou likabaki usoni, lakini yeye alikuwa ameshatoka humo.

"Yesu," akasema.

Akaiangalia ile kijani. Akaangalia ndoo iliyokuwa nyuma ya kibanda, ile ya kunawia mikono na kunywea.

"Bibi yangu wa ndoa," akasema. "Chantal anaumwa tumbo tangu jana. Nimemwambia ni maharagwe."

"Twende kilioni, Doudou. Useme mwenyewe mbele yao. Mimi hawataniamini."

"Watanipiga."

"Watakupiga."

"Wataniua, Noëlla! Kazi yangu iko kwenye telefoni za mji muzima!"

"Basi nani atasema?"

Doudou akachukua kufuli. "Acha nifunge kibanda," akasema. "Ngoja pale mbele."

Noëlla akangoja mbele. Akasikia kufuli, akasikia mbao. Akaita. Kimya. Akazunguka nyuma.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na Doudou hayupo. Vumbi la pikipiki lilikuwa bado halijatua.

---

Akarudi peke yake.

Kilioni nyimbo zilikuwa zimeanza tena, lakini zimelegea. Papa Germain ameketi kwenye kiti chake, mkono mmoja juu ya tumbo, jasho linamtoka kwenye paji la uso, na jua lenyewe limefunikwa na wingu.

"Umeleta samahani?" akauliza.

"Nimeleta ushahidi, mujomba. Unaumwa?"

"Ni huzuni. Ushahidi gani?"

Noëlla akasimama katikati ya uwanja.

"Aplikasio mulio nayo imekufa. Ilikufa wakati wa mvua. Inaonyesha rangi za siku moja tu, na zitabaki hivyo mpaka mwisho wa dunia. Mujomba, nipatie neno. Neno lolote. Nitaliandika mule ndani, hapa mbele yenu. Telefoni iliyo hai italionyesha."

Watu wakaanza kunong'ona. Yule mwanaume mwenye mdomo akasema, "Sasa tumefika kwenye uganga wa telefoni!"

Papa Germain akamwangalia mpwa wake. "Andika jina la ndugu yangu," akasema. "Kama unadanganya, unadanganya na jina la maiti. Utalibeba mwenyewe."

Noëlla akaandika. KALALA. Akabonyeza kutuma.

Kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Kisha kwenye ekrani yake kukatokea maneno aliyoyaandika kwa mkono wake: Hakuna rezo, usiamini rangi yoyote.

Mega zake zilikuwa zimeisha.

"Kofia imekufa!" mtu akapiga kelele, na safari hii kicheko kilikuwa kibaya. Mwanamke mmoja akatema mate chini. Mwingine akasema asukumwe nje, amechezea jina la maiti. Mkono ukamvuta kanga.

"Muache!"

Sauti ilitoka mlangoni. Ni Doudou, shati limelowa, telefoni imeinuliwa juu.

"Shika rezo yangu, Noëlla. Nimefungua."

"Ulikimbia," akasema Noëlla.

"Nilimupeleka Chantal kwa waganga wa hospitali." Akageukia watu. "Ninyi, musikilize. Nimetoka kwenye hema la kolera. Wako wengi, wanalala mpaka chini. Nimeona watoto wa avenue hii. Nimemuona mutoto wa Papa Edmond fundi. Wote wanateka Mukuyu. Hiyo aplikasio isiyo na kofia niliifunga mimi. Munipige baadaye. Sasa muache binti aandike."

Hakuna aliyemgusa. Noëlla akaandika tena. KALALA. Akatuma.

Vichwa vyote vikainama juu ya telefoni.

Kijani. Haikutingishika. Papa Germain akaisogeza ya kwake karibu na pua, akaisugua kwa kidole gumba kama mtu anayefuta ukungu. Kijani.

"Hakuna kitu," akasema yule mwenye mdomo. "Mumeona? Hakuna..."

"Yangu imeandika Kalala."

Sauti nyembamba, kutoka kona ya wajane. Ni Mama Mujinga, mwanamke mzee, jirani wa marehemu. Telefoni yake ni ya mtoto wake aliyeko Nyunzu. Ndiye humtumia mega ili waonane usoni kwenye ekrani kila Jumapili, siku ya Mungu. Mama Mujinga hajawahi kufuta kitu humo. Anaogopa kugusa vitu vya mtoto.

Akaiinua. Juu ya ekrani, ule ukanda mweupe. Kofia. Chini yake, kwa herufi kubwa, jina la maiti. Na chini ya jina, Bomba la Mukuyu, jekundu kama pilipili.

Watu wakasogea kuona.

"Mama Mujinga," akasema Papa Germain polepole. "Hiyo nyekundu uliiona leo?"

"Niliiona tangu juzi."

"Na ukanyamaza?"

Mama Mujinga akafungua kikapu chake. Chini ya kitambaa kulikuwa na chupa ya maji aliyoyachemsha nyumbani, nusu imeshanywewa. Kikombe alichopewa na watu wa kilio kilikuwa kando ya mguu wake, kimejaa, hakijaguswa, amekifunika na ncha ya kanga yake.

"Ningesemaje, Papa Germain?" akasema, na machozi yakaanza. "Kwenye kilio? Ningesemaje?"

Kila mtu pale alijua angefanya hivyo hivyo. Tena nitawaambia ukweli: wawili watatu walitazama vikapu vyao.

Papa Germain akainuka ili aseme neno la mkubwa. Mdomo ukafunguka. Kilichotoka si neno.

Akaanguka magotini, akatapika maji meupe kama ya kuoshea mchele, akaanguka ubavu.

---

Basi ikawa vurugu. Wanaume wakambeba mzee kwa kanga nne zilizofungwa pamoja. Pikipiki zikaitwa. Wanawake wakazishika zile bidoni za njano wakazimwaga shimoni nyuma ya jikoni, moja baada ya nyingine, bila kuimba. Wengine wakaanza kujitia vidole kooni. Mama mmoja alikuwa anamuuliza mtoto wake, "Ulikunywa? Sema! Ulikunywa?" na mtoto hajui ajibu nini ili asipigwe.

Noëlla akamtafuta mama yake.

Mama Émérence alikuwa palepale kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Midomo imekauka. Macho yameingia ndani, kama mtu aliyelala njaa juma zima.

"Mama! Ulikunywa?"

"Usipige kelele, mutoto wangu. Watu wanasikia."

"Mama, si nilikimwaga?"

Mama Émérence akamshika kidole kimoja, kama alivyomshika akiwa mdogo.

"Kile ulimwaga hakikuwa cha kwanza. Tangu jana tunakunywa. Kaka yangu amekufa, watu wananipa maji, nitakataa?"

Noëlla akamwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Nimeshatafuta pikipiki," ikasema sauti ya upole nyuma yake. Ni Isidore. Ana pakiti ya serumu ya kunywa, ile dawa ya chumvi na sukari, ameichana kwa meno. "Ikifika, tunamupeleka. Kwanza akunywe hii, kolera isimukaushe njiani. Nenda ukatafute kanga safi, mi nitamunywesha."

"Mungu akubariki, mukwe wangu," akasema Mama Émérence kwa sauti iliyokatika.

Kwa mara ya kwanza siku ile Noëlla alimwona mtu anayejua la kufanya. Akaelekea ndani kuchukua kanga.

Doudou akamzuia mlangoni. Ameshika telefoni ya Mama Émérence, anaikazia macho kama mtu anayesoma jina lake kwenye msalaba.

"Noëlla. Kuna kitu hakikai sawa."

"Sina nafasi, Doudou."

"Siku nilipokopi kurasa zako, Mukuyu lilikuwa jekundu."

Akasimama.

"Nakumbuka vizuri," akasema Doudou. "Chantal alinituma maji, nikafungua yako ile ya kofia, nikaona nyekundu, nikapanda mpaka bomba la parokia na bidoni kichwani, nikatukana njia nzima. Nikarudi nikakopi. Siku ileile. Rangi nyingine zote ziko kama zilivyokuwa. Hii moja tu njo imegeuka."

"Nilikuambia yako ni picha. Picha haigeuki."

"Haigeuki yenyewe. Kuna muntu aliigeuza kabla sijaigawa."

"Nani aligusa mashine yako?"

Doudou akajikuna shingo. "Alikuja muntu mmoja. Alisema wewe umemutuma, aangalie kama kila kitu kiko sawa kabla aplikasio haijaenda sokoni. Nikamuachia kompyuta, nikaenda kula. Ni muntu wako, Noëlla, ningemukatalia vipi? Na alijua pa kubonyeza. Alijua kabisa namna rangi inabadilishwa. Kama muntu aliyekaa kando yako kila asubuhi."

Noëlla hakuuliza jina.

Bomba jekundu halina watu. Mlinzi wa bomba lisilo na watu ni mlinzi wa nini?

Akageuka.

Kule kwenye mkeka, Isidore alikuwa amepiga magoti mbele ya Mama Émérence, kwa mbali kidogo, jinsi mkwe anavyopaswa. Mikono yote miwili imenyooshwa na kikombe. Uso ameugeuza pembeni, kwa adabu, asimwangalie mama-mkwe machoni. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kuona macho yake.

Wanawake walikuwa wamezimwaga bidoni zote. Zote isipokuwa moja, iliyosimama kando ya goti lake, kifuniko kimefunguliwa. Mkononi mwa ile bidoni kilining'inia kitambaa chekundu.

"Isidore!" akapiga kelele Noëlla. "Serumu umeikorogea na maji gani?"

Pikipiki ilikuwa inaingia uwanjani, inanguruma. Hakuna aliyesikia.

Kikombe kilikuwa kimefika midomoni.